Mumiani wa Uluguru na Wageni kutoka Mirihi

Vijana wengi wanaoniletea miswada ya riwaya siku hizi wanaandika habari za anga. Katika miswada hiyo viumbe wasio na huruma hushuka kutoka sayari ya mbali, huteketeza miji, huwakamata watu na kuwapeleka kusikojulikana, hadi binti au kijana wa miaka kumi na sita anapogundua udhaifu wao na kuiokoa dunia. Sina ugomvi na bunilizi ya kisayansi. Niliisoma ujanani na bado naisoma. Kinachonishangaza ni mahali vyombo hivyo vinapotua. Hata mwandishi akiwa mzaliwa wa Kinole au Mgeta, chombo hutua Marekani, jeshi linalotoka kupambana nacho ni la Marekani, na rais anayelihutubia taifa kwa sauti ya kutetemeka si rais wetu. Nikiuliza sababu, naambiwa kwamba huku kwetu hadithi za namna hiyo hazina mizizi.

Napenda kulipinga jibu hilo kwa kutumia historia. Hadithi ya wageni wenye mitambo isiyoeleweka, wanaotembea usiku kutafuta miili ya watu ili wachukue kilichomo ndani yake, imesimuliwa katika milima ya Uluguru na katika Tanganyika nzima kwa muda wa karne moja hivi. Ina jina lake, ina kanuni zake za usimulizi, na imekwisha kuua watu. Pwani waliiita mumiani. Huku Morogoro wengi wetu tuliisikia kwanza kwa jina la chinjachinja, tulipokuwa wadogo, jua likielekea kuzama na mama akituita turudi nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limesafiri mbali kuliko wengi wetu. Mumiani lina asili ya Kiajemi. Huko lilikuwa jina la aina ya lami nyeusi inayotoka miambani, iliyotumika kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu ya viungo. Lami hiyo ilifanana na kitu cheusi kilichopakwa kwenye maiti za kale za Misri, na hapo ndipo mchanganyiko ulipoanza. Wafanyabiashara wakaanza kuuza unga wa maiti zenyewe badala ya lami. Kwa karne kadhaa, hadi karne ya 18, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga huo, na watu waliosoma na kustaarabika waliunywa. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili kila atakapoambiwa kwamba imani ya dawa itokanayo na miili ya watu ni ushirikina wa Mwafrika. Ulaya ilikuwa na bei yake sokoni.

Dawa hiyo ilifika pwani yetu kwa majahazi, pamoja na jina lake. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson inalieleza neno hili kwa namna mbili: kwanza kama dutu nyeusi mfano wa gundi, inayotumika kama dawa, kisha kama jambo la kutisha, kwamba watu wanaamini dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukianza mjini watu hawatoki nje baada ya magharibi. Mtunga kamusi aliandika haya kwa utulivu, kama anayeeleza tabia za ndege. Hakujiuliza kwa nini maana ya pili ilikuja kuimeza ya kwanza wakati ule, chini ya serikali ile aliyoitumikia.

Majina yalitofautiana kwa nchi. Nairobi na Kampala walisema wazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walisema banyama. Katika Kongo ya Wabelgiji walisema batumbula. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi haya katika kitabu chake cha mwaka 2000, naye anaonyesha kwamba yalishamiri baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kwamba yalifanana kwa namna ya kustaajabisha. Kuna gari lisilowasha taa. Kuna watu waliovaa sare. Kuna shimo au chumba ambacho hakuna aliyekiona kwa macho yake lakini kila mtu anajua kilipo. Kuna mipira, ndoo na sindano. Aliyekamatwa hapigwi wala haulizwi jina. Anatolewa damu kwa utaratibu, na damu inapelekwa mahali kwa kazi ambayo haielezwi. Mwanaanthropolojia Peter Pels, aliyefanya utafiti Matombo mwishoni mwa miaka ya 1980, aliyachunguza masimulizi ya namna hii hapa hapa Uluguru. Alikuwa Mzungu mgeni, mwenye daftari, akiuliza maswali kuhusu koo za watu. Sidhani kama kuna mtu mwenye sifa zote zinazotakiwa kuliko yeye.

Sasa tuiweke orodha hiyo kando ya riwaya ambayo karibu vitabu vyote vya uvamizi kutoka angani vimeizaa upya. H. G. Wells alichapisha *The War of the Worlds* kama kitabu mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza wakiwa na mashine zenye miguu mitatu, mwali wa joto na moshi mweusi wa sumu. Watu hukumbuka mashine. Wachache hukumbuka wanachokula wavamizi hao. Viumbe wa Mirihi katika riwaya ya Wells hawana tumbo la kusaga chakula. Wanachukua damu mbichi ya binadamu aliye hai na kuiingiza moja kwa moja katika mishipa yao. Yaani kitabu mama cha kitanzu hiki, kilichoandikwa na Mwingereza, ni hadithi ya mumiani.

Hii si bahati tu. Mwanzoni kabisa mwa kitabu Wells anawaambia wasomaji wake wasiwahukumu haraka viumbe wa Mirihi, na anawakumbusha jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji wa Kizungu katika muda wa miaka hamsini. Alichofanya ni kuigeuza meza: aliwachukua Waingereza, taifa lililozoea kushukia nchi za wengine, akawaweka mahali pa wanaoshukiwa. Wasomaji wake waliogopa kwa sababu hawakuwahi kuwa upande huo. Sisi tulikuwa tupo upande huo mwaka ule ule.

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kukusanya kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki. Tarehe 19 Julai mwaka huo Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyekuwa amefukuzwa porini kwa miaka minne, alijiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Haukuwa uvumi wa sokoni, kwani Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 una kifungu kinachodai fuvu hilo lirudishwe, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilileta Kalenga fuvu lililotambuliwa kuwa lake kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Mafuvu mengine mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalibaki katika makabati ya Ujerumani, yakiwa na namba za wino. Yalichukuliwa kwa ajili ya sayansi. Wajukuu wa watu hao walipowaonya watoto wao kuhusu chinjachinja, walikuwa na sababu.

Nirudi Morogoro, maana hapa kuna kisa ambacho sijakiona katika mswada wa kijana yeyote, na nadhani kinafaa kuliko vyote.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Lakini hata kabla ya hapo Wajerumani walikwisha kupanda milima ya Uluguru wakitafuta ulanga, yale madini yanayomenyeka vipande vyembamba mfano wa kioo. (Wanafunzi wangu wengi wanalijua neno Ulanga kama jina la mto na wilaya tu, ni vizuri wajue pia ni jina la madini.) Ulanga ulitumika katika madirisha ya majiko na katika vihami vya umeme. Vibarua wa Kiluguru waliuchimba na kuuteremsha mabegani hadi tambarare. Katika miamba hiyo hiyo ya ulanga kulipatikana mawe mengine, meusi na mazito kupita ukubwa wake, yenye ganda la rangi ya manjano. Mawe hayo yalipelekwa Ujerumani. Mwaka 1906 mwanakemia Willy Marckwald alilieleza ganda lile la manjano kama madini mapya, kaboneti ya urani, akayapa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanafizikia wa mionzi. Hadi leo vitabu vya madini vya dunia nzima vinataja Uluguru, Morogoro, kuwa mahali pake pa asili.

Habari haiishii hapo. Katika miaka ya 1914 na 1915 wanakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima uzito wa risasi iliyotolewa katika jiwe jeusi la Morogoro. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu wa takribani 207.2. Ile ya Morogoro ilikuwa 206.05 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza thabiti kwamba atomu za elementi moja zinaweza kuwa na uzito tofauti, jambo tunalolifundisha leo kwa jina la isotopu. Mwaka huo wa 1914 Wells alichapisha riwaya nyingine, *The World Set Free*, ambamo alibuni mabomu ya atomu miaka thelathini na moja kabla ya Hiroshima. Horovitz, aliyekuwa Myahudi, aliuawa na Wanazi katika kambi ya Treblinka mwaka 1942.

Tujiweke katika nafasi ya mkulima wa Kiluguru aliyeyaona haya kwa macho yake bila kuelezwa chochote. Wageni wanakuja na nyundo ndogo. Hawalimi, hawafanyi biashara ya nguo, hawahubiri. Wanagonga mwamba, wanalamba jiwe, wanaandika. Wanaajiri vijana wachimbe, kisha wanayafunga mawe katika makasha kama dhahabu, ingawa si dhahabu. Mawe yanapanda treni na hayarudi. Ukiuliza ya nini, unaambiwa hutaelewa. Ndani ya mawe hayo, kama tujuavyo leo, mlikuwa na kitu kisichoonekana kinachotoa nguvu na kinachodhuru mwili wa aliyekibeba. Mwandishi wa bunilizi ya kisayansi angelazimika kubuni nini zaidi? Sidai kwamba uvumi wa chinjachinja ulizaliwa katika machimbo ya ulanga. Sina ushahidi wa hilo. Nasema tu kwamba watu walioishi katika hali hiyo hawakuhitaji kusoma Wells ili wajue mgeni kutoka dunia nyingine anafananaje.

Kwa upande wa tiba nitasema machache, maana wengine wameuandika vizuri. Madaktari wa kikoloni walichukua damu kweli. Robert Koch, aliyepewa tuzo ya Nobel, alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale, na dawa ya atoksili aliyowadunga wagonjwa iliwapofusha baadhi yao. Walioona sindano ikiingia na macho yakizimika walipoieleza habari hiyo kwa jirani, jirani alisikia nini?

Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja mgeni mwingine Uluguru, safari hii akiwa na nia njema. Serikali ya Waingereza iliona kwamba udongo wa milima unamomonyoka na kujaza tope katika Mto Ruvu, ikaanzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wakulima walitakiwa kukata matuta ya ngazi katika miteremko, kuacha kuchoma mashamba, na kufanya kazi hiyo kwa amri, wakipigwa faini wakikataa. Sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata tuta, unaufukia na kuleta juu udongo usio na kitu. Wakulima walilisema hilo. Wataalamu walisikia uvivu. Mgeta, ambako watu walikuwa wakilima mboga za kuuza, matuta yalikubalika na hata leo yapo. Kwingineko mahindi yalidumaa. Hofu nyingine ikaingia: kwamba shamba likishapimwa na kutengenezwa vizuri, Mzungu atakuja kulichukua. Haikuwa hofu ya kijinga. Mwaka 1951 Wameru walikuwa wameondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea Umoja wa Mataifa. Habari husafiri. Mwezi Julai 1955 umma ulikusanyika Matombo kupinga matuta, zikatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukasambaratika, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata wanachama wengi milimani bila kutumia nguvu nyingi.

Nimelitaja tukio la 1955 kwa sababu ya watu ambao vitabu vya historia huwapita haraka: maofisa wasaidizi wa kilimo, makarani na askari wa jumbe. Hao ndio waliopanda mlima na kamba ya kupimia. Walikuwa Waafrika, wengi wao Waluguru. Hapa ndipo masimulizi ya mumiani yanapoipita riwaya ya Kimagharibi kwa akili. Viumbe wa Mirihi wanakuja wenyewe na kuua wenyewe. Katika masimulizi yetu Mzungu huonekana kwa nadra sana. Anayefungua mlango wa gari ni mtu wa kwenu, mwenye sare na mshahara wa mwezi, ambaye kesho yake asubuhi utamwona sokoni akinunua nyanya. White ameliona hili: masimulizi hayo yalizungumza mno kuhusu ajira, kuhusu zamu, na kuhusu watu ambao kazi yao haijulikani ni ya nini. Wasimulizi wetu walielewa kwamba uvamizi hauwezi kudumu bila watumishi. Walielewa pia kwamba mtumishi huyo anaweza asijue damu inakwenda wapi.

Uhuru ulipokuja, picha hiyo haikufa; ilihamia katika siasa. Tazama msamiati wa Azimio la Arusha la mwaka 1967 na hotuba za miaka iliyofuata. Unyonyaji. Kupe. Mirija, ambayo ilipaswa kukatwa. Mwanahistoria James Brennan ameonyesha jinsi lugha hii ya siasa ilivyochota nguvu kutoka katika hofu ya zamani ya wanyonya damu. Kila Mtanzania aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara alielewa mara moja, bila kufundishwa nadharia ya uchumi, maana alikwisha kuisikia hadithi hiyo kwa bibi yake. Mimi naihesabu kuwa moja ya tafsiri bora za fikra za kijamaa zilizowahi kufanywa katika lugha yoyote. Hata hivyo ilikuwa na sumu yake. Picha ya mnyonyaji iliangukia kwa urahisi mno mgongoni mwa mwenye duka wa Kihindi, kwa sababu ya sura yake na si kwa matendo yake, na wapo waliofurahia hivyo. Hadithi ya mgeni katili haichagui vizuri inayemwangukia.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanazuoni wenzangu wanaoishangilia hadithi hii kama upinzani wa wanyonge na kuishia hapo. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa jirani wa Dodoma, watu watatu waliuawa na wanakijiji. Wawili walikuwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha; wa tatu alikuwa dereva wao. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele kwamba wanyonya damu wameingia kijijini, umma ukakusanyika, wakakatwa na kuchomwa pamoja na gari lao. Walikuwa wageni, walikuja na gari la ofisi, walichimba ardhi kwa vyuma, walitia udongo katika mifuko na kuandika namba. Kila kitu walichokifanya kilikuwa kimeandikwa katika hadithi miaka mingi kabla hawajazaliwa.

Baada ya mauaji yale nilisikia maelezo mawili. Watumishi wa serikali walisema ni ujinga na kwamba dawa yake ni elimu. Wanaharakati kadhaa walisema ni kilio cha watu waliochoshwa na kunyang'anywa ardhi. Maelezo ya kwanza yanasahau kwamba elimu yenyewe ndiyo iliyopeleka mafuvu Bremen. Ya pili yanawafanya marehemu watatu kuwa alama, wakati walikuwa watu wenye familia, waliokwenda kazini. Tena waliouawa hawakuwa wameondoa kitu chochote kwa mtu yeyote. Kama hadithi ingekuwa silaha ya wanyonge kweli, ingejua kulenga.

Kwangu jambo hili si la vitabuni tu. Nafundisha Morogoro, mji wa kilimo, na kila mwaka vijana wa vyuo vyetu hupanda Uluguru wakiwa na keekee za udongo, mifuko ya plastiki, vifaa vya kupimia mahali na dodoso lenye maswali arobaini. Wengi wao ni watoto wa wakulima. Katika macho ya mzee anayepalilia mteremko wa Kibungo, wao ndio chombo kilichotua.

Mwandishi Mkenya Katama Mkangi aliliona hili mapema. Alikuwa mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986, na mwaka 1995 alichapisha riwaya ambayo kila kijana anayetaka kuandika habari za dunia nyingine kwa Kiswahili anapaswa kuisoma kabla ya kitu kingine. Mhusika wake Dzombo anafika katika dunia iliyo mbali na kwao, na jina la dunia hiyo, ambalo ndilo jina la kitabu, ni *Walenisi*. Lisome taratibu, ukiligawa: wale ni sisi. Mkangi hakuandika kuhusu wageni katili. Wakatili katika kitabu chake wapo kule Dzombo alikotoka. Mbinu ni ile ya Wells ya kuigeuza meza, isipokuwa Mkangi anaigeuza mara mbili.

Kwa hiyo ushauri ninaowapa vijana wenye miswada ni wa kazi tu. Chombo kitue Uluguru, kwenye ukungu wa Lukwangule, ambako hata ndege hupotea. Wavamizi wasiwe na haja ya kupigana. Wawe na haja ya kuajiri. Waunde ofisi mjini, watangaze nafasi za kazi, watake vyeti vilivyothibitishwa. Mhusika mkuu awe binti aliyemaliza kidato cha sita, mwenye mama mgonjwa na ada ya mdogo wake haijalipwa, naye apate kazi hiyo. Apewe sare. Apewe gari lisilo na taa na orodha ya vijiji. Aambiwe kwamba kinachokusanywa ni sampuli tu. Sura ya tatu afike kijijini kwa bibi yake. Mwandishi akifika hapo nitamsomea mswada bila kulala, na sitajali kama mwisho wake dunia inaokoka au haiokoki.

Ama kuhusu udongo, tulifanya badiliko dogo mwaka uliopita. Kundi la wanafunzi ninaowasimamia halianzi kuchimba hadi likae nusu siku katika ofisi ya kijiji, sampuli ya kwanza ichukuliwe na mwenye shamba kwa mkono wake, na nusu ya udongo ibaki kwake katika mfuko wenye namba ile ile. Katika kijiji cha kwanza mama mmoja aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye dodoso: majibu yataletwa lini, na nani atayaleta? Hakuna mwanafunzi aliyekuwa na jibu, kwa sababu ratiba ya utafiti haikuwa na siku ya kurudi. Tukaiongeza. Vijiji viwili vimekwisha kupelekewa matokeo yao kwa Kiswahili, karatasi moja kila shamba. Cha tatu bado kinasubiri maabara.